Mtu Humu Ndani Asiyelala Chali

9 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na cherehani yako nayo ni nzima, maana nyinyi wawili mmoja akiumwa na mwenzake hulala. Sisi huku hatujambo. Mkweo anakusalimu sana, anasema foronya ulizompa mwaka jana bado anawawekea wageni, na wageni wenyewe hawaji. Kazi ipo. Kuta za nje za maktaba tumemaliza kuzipaka rangi, tunangoja kuingia ndani.

Usihangaike kunipigia, simu yangu imetumbukia kwenye ndoo ya rangi. Kwa sasa tuandikiane.

Nina ombi, mama. Nishonee mito miwili mirefu, uijaze sufi mpaka ikatae. Kuna mtu humu ndani siku hizi hawezi kulala chali. Akilala chali pumzi inagoma, mpaka aegemee. Hata kuinama kufunga kamba za viatu ni shughuli. Si jambo kubwa, wala usitie wasiwasi.

Mwanao,
Mlingoti


21 Februari

Mwanangu, baba yangu, Mlingoti wangu mrefu,

Marahaba. Mimi mzima, mguu umepoa, kuku wa jirani bado anataga kwenye kikapu changu cha vitambaa na mwenyewe hataki kuamini. Barua yako nimeisoma, nikairudia, halafu nikampa Redio anisomee kwa sauti nione kama na yeye anasikia ninachosikia. Redio si unamjua, huyu mwenzangu wa kujaza mito, habari ikiingia sikioni kwake asubuhi, mchana iko sokoni. Alisoma mpaka pale pa kamba za viatu, akaiweka barua chini, akanitazama. Tukacheka kama wasichana.

Sitasema kitu. Na wewe usiseme. Mambo mengine hayapigiwi mbiu mapema. Ila mimi sikuzaliwa jana, baba.

Mito hiyo hapo, nimeijaza mpaka sindano imepinda. Mwambie huyo mtu humu ndani asinyanyue kitu kizito. Asipande ngazi. Asinyooshe mikono juu. Akilala alalie ubavu, mto mmoja mgongoni na mwingine akumbatie. Asigombezwe akinuna. Na akitamani udongo apewe, msimcheke.

Mimi siku hizi naimba nikiwa kazini. Watu wanauliza kuna nini, nasema hakuna kitu.

Mama yako


14 Machi

Mama,

Shikamoo. Mito imefika, na mtu amelala usingizi wa kwanza wa maana tangu mwezi wa kwanza. Asante. Mkweo hajambo. Mvua imeanza, ukuta wa nje haujapata doa, tunashukuru.

Kumbe unajua! Nimesoma barua yako huku jasho linanitoka. Nilimkataza mkweo asikwambie, na ameapa hakusema. Basi umejuaje? Asipande ngazi, asinyooshe mikono juu, ni maneno yaleyale ya daktari. Nilikuwa naogopa presha yako, mama, kumbe umelipokea hivi, unaimba! Umenitua mzigo.

Daktari anasema ni subira tu. Ni suala la miezi, na wengine hufika mwaka na zaidi. Kwa hiyo kila kitu sasa anafanya mkweo. Maji anachota yeye, ndoo anabeba yeye, juzi kapanda juu ya meza kubadilisha balbu. Mimi nakaa kwenye kiti namwelekeza.

Lile la udongo hatukulielewa. Tumedhani ni dawa ya zamani.

Nitumie mto mmoja zaidi.

Mlingoti


29 Machi

Mlingoti!

Salamu nitakupa mwisho, leo hustahili mwanzo.

Wewe unakaa kwenye kiti mkeo anapanda meza? Kwa hali hiyo? Ndoo abebe yeye, na wewe mwanaume mrefu kama nguzo ya umeme unaelekeza? Nilikuzaa mimi au nilikuokota? Redio nilipomsomea alisema, "Dada, huyo wako, umesahau kumfunda."

Na huyo daktari wa mwaka na zaidi kasomea wapi? Mrudieni, mwambieni avae miwani, aangalie vizuri kama mbele yake yuko binadamu au tembo.

Haya. Hasira zimepungua. Ndani ya kifurushi kuna mto wako, na kuna kitu kingine kidogo nimeshona, nilitaka ningoje lakini mkono umekataa kungoja. Sufi yake nimeichambua mwenyewe, nikatoa kila mbegu, maana mbegu moja ikibaki inachoma ubavu laini. Kitambaa ni cha njano, hivyo akija wa aina yoyote atakitumia.

Mkwe wangu mwambie akae. Akae kabisa. Wewe inuka.

Sisi hatujambo. Kuku kaangua.

Mama yako mwenye furaha na hasira


20 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Mkweo anakusalimu, na leo salamu zake ni nzito kuliko siku zote. Tafadhali soma ukiwa umekaa. Redio akiwa karibu, mwombe akuletee maji, halafu atoke.

Mkweo ndiye aliyefungua kifurushi. Akakitandaza kile kigodoro cha njano mezani, akakipigapiga kwa kiganja kama anakilaza. Tukatazamana. Ghafla akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa sakafuni, na machozi yakamtoka, nami sikujua yapi ni ya kicheko na yapi si yake. Akasema, "Ndiyo ule udongo!"

Mama, mkweo hana mimba. Mtu humu ndani ni mimi.

Mwezi wa kwanza niliamka alfajiri bega la kulia linauma kama linapasuliwa kwa patasi. Hakukuwa na kuanguka, hakukuwa na kugongwa, nilikuwa nimepona mafua tu. Maumivu yalikaa majuma, kisha yakaondoka, na yalipoondoka yakachukua na nguvu zote. Mkono haupandi. Nikisukuma ukuta, mfupa wa nyuma ya bega unachomoza kama bawa la kuku. Na nikilala chali, hewa inaniishia kama niko chini ya maji.

Daktari wa kwanza alisema bega limeganda. Wa pili akasema pumu. Wa tatu alinitazama moyo, akaukuta mzima, akaniomba radhi. Wa nne ndiye wa mishipa ya fahamu. Alinichoma visindano mkononi, akaniambia ninuse haraka kama mtu anayesikia harufu ya chakula kinaungua, huku anatazama picha ya kifua changu kwenye kioo. Upande wa kushoto wa kiwambo, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu unaovuta pumzi, ulikuwa unashuka. Wa kulia umelala. Akasema ni ugonjwa wa nadra, yeye mwenyewe amewaona wachache. Mwili, baada ya homa ndogo tu, unaigeukia mishipa yake wenyewe, kama mbwa anayemng'ata mwenye nyumba. Imepiga mishipa ya bega na ule mmoja wa pumzi. Anasema mara nyingi mishipa huota tena, polepole, lakini hawezi kuniahidi itarudi yote.

Simu yangu haikuingia kwenye rangi. Ungeisikia pumzi yangu kabla sijamaliza shikamoo.

Na kuna hili, ndilo linaloniuma kuliko bega. Dari ya ukumbi wa maktaba ni yangu. Ndefu, imepinda kama tumbo la mtumbwi uliogeuzwa, haijapakwa tangu ijengwe. Msimamizi amesema ataniwekea mpaka mwezi wa kumi na moja. Mkono usipopanda atamwita mwingine. Mama, mimi sijui kazi nyingine, wala sitaki kuijua.

Nisamehe.

Mlingoti


18 Mei

Mama, shikamoo.

Mbona kimya? Hata matusi hakuna. Mkweo anaenda kuulizia kifurushi kwenye ofisi ya mabasi mpaka karani ameanza kutikisa kichwa akimwona tu mlangoni. Kama presha imepanda, mwambie Redio aandike. Kama ni hasira, andika wewe.

Mlingoti


31 Mei

Mwanangu wa kunizeesha,

Marahaba, ingawa unaipata kwa huruma tu. Mimi mzima. Vifaranga wamekua, wawili wameibwa na mwewe, Redio ana jino. Umeridhika sasa na habari za nyumbani? Tuingie ndani.

Barua yako niliisoma nimekaa kama ulivyosema. Halafu nikainuka nikaenda kujaza mto, nikaujaza, nikaujaza, mpaka mshono ukapasuka na sufi ikajaa chumba kizima. Redio alinikuta katikati nimekuwa mweupe kama mzee. Hakuuliza. Nikajua basi ni kubwa, Redio asipouliza.

Nilianza kukuandikia nikachana. Ya kwanza ilikuwa matusi matupu. Ya pili ilikuwa imelowa, usingeweza kuisoma. Hii ndiyo iliyokauka.

Unasema uliogopa presha yangu. Mwanangu, presha yangu haipandi kwa kujua. Inapanda kwa kutojua. Miezi hii yote nilikuwa naimba na wewe umekaa kwenye kiti unatafuta pumzi! Nikikumbuka nilivyokutukana kuhusu ndoo, naona haya mpaka kwenye nyayo. Ila bado nasema ungeniambia.

Mkwe wangu aniwie radhi. Usimwambie tu, msomee hapa: binti yangu, sikukusukuma, furaha ndiyo iliyonisukuma mimi. Kije kitu kisije, wewe ni mwanangu kwanza, na hayo ya kuchota maji na kupanda meza Mungu ameyaona. Kigodoro kifanyieni lolote. Mtaani huku nimepata tabu. Habari Redio aliitangaza kwa asubuhi moja, kuikanusha kumemshinda. Jana tu mama mmoja kaniletea kofia ya mtoto. Nikamwambia ni ya mwanangu. Akasema, "Hongera!" Nikamwambia mwanangu ana miaka thelathini na mbili. Akaondoka ananitazama vibaya.

Sasa kazi. Mito mitatu ukiipanga inateleza, najua, nimelala juu yake mwenyewe siku nzima kujaribu. Nimekushonea mmoja wa mshazari, mnene kichwani, mwembamba kiunoni, kama kilima. Ndio ulionichelewesha. Pembeni nimeujaza kwa sufi ya zamani isiyobonyea.

Na nunua vocha. Nipigie. Nataka kuisikia hiyo pumzi. Usipoweza kuongea, wewe hema, mimi nitaongea.

Mama yako


12 Agosti

Mama kipenzi,

Shikamoo, na pole ya jino kwa Redio. Mkweo anakusalimu kwa vidole vya rangi ya maziwa, utaelewa mbele.

Tangu ile siku ya simu naona kifua kimepanuka. Uliongea mpaka vocha ikaisha, mimi nikahema tu, na ulipokata nikagundua nimecheka mara nyingi kuliko mwezi mzima. Mkweo anauliza, lile la kuku na kasisi ulilotusimulia ni kweli au umetunga? Mimi nimemwambia kweli.

Mto wa mshazari mara ya kwanza ulinishusha kama maji kwenye bati, nikaamka miguu iko sakafuni. Mkweo akatandika shuka gumu juu yake na sasa nakaa pale pale. Nalala mpaka kunakucha. Kigodoro cha njano nauwekea mkono nikiwa nimekaa, usining'inie. Daktari amekiona, ameomba aliyekishona amshonee wagonjwa wake vingine. Nimemwambia fundi huyo hutoa na mashauri bila kuombwa.

Kila asubuhi naupandisha mkono ukutani kwa vidole, kama buibui mvivu. Mwezi wa tano vilikwama kwenye swichi ya taa. Sasa vimeipita swichi, vimeufikia msumari wa kalenda. Bila ukuta bado. Mkono ukiwa hewani wenyewe unafika kidevuni, unatetemeka, unarudi. Kiwambo nacho kimeanza kujitingisha upande ule uliolala, kidogo, kama mtu anayeitwa asubuhi hataki kuamka. Daktari alifurahi akapiga meza.

Kazini nimerudi, kwa namna. Mkweo aliomba likizo dukani, akamwendea msimamizi, akamwambia, "Yeye ana macho, mimi nina mikono, tuhesabu fundi mmoja." Msimamizi alicheka akampa brashi. Anapaka kuta za chini, mimi namwambia wapi rangi imekuwa nzito. Wenzangu wanamwita Fundi. Mimi wananiita Mke wa Fundi. Mchana wananiuliza kama nimepika.

Nacheka, mama. Lakini nikiwa peke yangu ukumbini natazama juu, naona ile dari, na naona kalenda. Msimamizi ameshaongea na fundi rangi mwingine, mtu mzuri, kazi yake naijua haina dosari. Hilo ndilo linalonitisha. Angekuwa mbovu ningepata matumaini.

Njoo mwezi wa kumi na moja. Kama mkono utakataa, nataka uwepo. Kama utakubali, ndiyo zaidi.

Mlingoti


26 Novemba

Mwanangu Mlingoti, na binti yangu Fundi,

Marahaba kwenu wote. Nimefika salama. Kwenye basi nilikaa na bwana mmoja aliyeniuliza natoka wapi, nikamweleza tangu bega lako lilivyoanza mpaka tuliposhuka, akaniaga kwa heshima sana na kwa haraka. Nyumbani salama. Redio ameng'oa jino na sasa anapiga mluzi akitamka jina langu. Kuku kanisahau, kataga kwa mtu mwingine.

Yapo mambo ambayo sikukwambia nikiwa huko kwa sababu mlikuwa mnanichekesha, nami nikianza kulia siachi. Wacha niyaandike.

Ile asubuhi ya ukumbi nilijifanya shujaa. Nilikwambia nimekuja kuangalia vitabu. Mwanangu, mimi na vitabu! Nilisimama pale kati ya makabati yaliyofunikwa maturubai, nikashika kitabu, nikaja kugundua baadaye nimekishika kichwa chini. Msimamizi alikuwa mlangoni na yule fundi rangi mwingine, amekuja na brashi yake amefunga kwenye kitambaa safi, anatazama viatu vyake, na mimi nikamchukia mtu wa watu bure.

Ukapanda lile jukwaa. Kila kidato cha ngazi yake ukisimama, unavuta pumzi, na mimi chini navuta na wewe mpaka kichwa kikaniwia chepesi. Mkeo akasema, "Mama, pumua ya kwako." Nikamwambia, "Hii ndiyo ya kwangu."

Ulipofika juu sikutazama. Nakuambia ukweli. Nilisikia ndoo imewekwa, nikasikia unaichovya brashi, nikainamisha macho kwenye sakafu nikaanza kuhesabu vigae nikapotea, nikaanza tena. Brashi sikuisikia ikipita. Nikasema moyoni, umekataa. Mkono umekataa, sasa nitamwambia nini mwanangu akishuka? Nilikuwa natafuta neno, nimepata nusu yake.

Ndipo kitu cha baridi kikaniangukia kichwani, pa! Kwenye kitambaa changu kipya, cha bluu, nilichokinunua kwa safari yako. Na wewe unanijua. Nilisahau yote. Nikafungua mdomo nikugombeze: "We mtoto, huoni mama yako amesimama..." Nikainua uso nione hilo tone la rangi limetokea wapi.

Limetokea juu ya kichwa chako. Juu kabisa, mkono wa kulia, umenyooka, brashi iko kwenye dari, na nyuma yake mstari mweupe kama njia.

Ukaniuliza kutoka huko, "Mama, ulikuwa unasemaje?" Pumzi imekukatika katikati ya neno, lakini neno likafika. Nikasema, "Nasema sogeza ndoo." Kumbe mkeo ananitazama, anauma kanga yake asicheke.

Najua hukumaliza hata upande mmoja siku ile. Niliona ulivyoshuka umekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, bega linatetemeka, unahema kama uliyefukuzwa. Na daktari amesema pumzi haijatimia, na pengine nguvu zote hazitarudi. Nimesikia, sijaziba masikio. Lakini nilimsikia pia yule mwenzako, yule niliyemchukia. Alikunjua kitambaa chake, akatoa brashi, akamwambia msimamizi, "Basi mimi nianzie upande gani nimsaidie?" Msimamizi akasema, "Mwulize mwenye dari." Nilitaka kumbusu, ila hatujajuana.

Jana Redio kaja kazini, kanizunguka, kanitazama kichwani.

"Dada, una tone la rangi kwenye kitambaa."

"Nalijua."

"Kitambaa kipya! Lete nikupe mafuta ya taa, linatoka sasa hivi."

"Redio," nikamwambia, "ukiligusa hilo tone, mimi na wewe basi."

Mama yako